Kamba Haisukumi: Jinsi Misuli na Viungo Vinavyouendesha Mwili

Jahazi likifika Bagamoyo, watazame mabaharia wanapotua tanga. Foromali, boriti linaloshika tanga, ni nzito, na hakuna anayeiacha ishuke kwa uzito wake. Henza, kamba ya kutwekea tanga, inalegezwa kidogo kidogo, kamba inapita viganjani, miguu imekita sakafuni, mpaka foromali itulie chini. Kutweka tanga kunahitaji nguvu, na kulitua nako kunahitaji nguvu.

Sisi wa fiziotherapia tunakutana na kazi hiyohiyo kila siku ndani ya mwili wa binadamu. Tuna misuli zaidi ya 600 inayojongeza mifupa, na yote inajua jambo moja tu: kuvuta. Hakuna msuli unaosukuma, kama vile kamba isivyosukuma. Hata unapoisukuma ngalawa iliyokwama mchangani, msuli wa nyuma ya mkono unauvuta mfupa wa kigasha, sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, ili kiwiko kinyooke.

Kwa hiyo misuli imewekwa ikikabiliana. Wa mbele ya mkono unakunja kiwiko, wa nyuma unakinyoosha. Amri inatoka kwenye ubongo, inashuka uti wa mgongo na kupita kwenye neva. Ndani ya msuli nyuzi nyembamba za protini zinapishana, msuli unafupika, na kano, ukanda mgumu unaoufunga msuli kwenye mfupa, inauvuta mfupa. Kiungo ndicho kinachoamua mfupa uende upande gani. Goti linakunjuka kama bawaba ya mlango, na bega linazunguka karibu kila upande. Uhuru huo wa bega una gharama yake: kikombe chake, yaani shimo unamokaa mfupa wa mkono, hakina kina kirefu, ndiyo maana hakuna kiungo kikubwa kinachoteguka mara nyingi kama hicho.

Mzigo unaoangukia misuli ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kano ya msuli wa mbele ya mkono imejishikiza sentimita 5 hivi kutoka kwenye kiwiko. Kunja kiwiko, kigasha kilale sawa na sakafu, kisha ushike mfuko wa samaki wa kilo 5. Kiganja kiko kama sentimita 35 kutoka kwenye kiwiko, basi msuli unavuta kana kwamba umebeba kilo 35, na hapo uzito wa mkono wenyewe hatujauhesabu. Faida yake ni kwamba msuli ukifupika kidogo tu, kiganja kinakwenda mbali na kwa haraka.

Sasa turudi kwenye kutua tanga, maana hapa ndipo wagonjwa wetu wengi wanapopata taabu. Bibi mmoja alitujia akilalamikia magoti. Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti. Akageuka, akashika meza, akaanza kuinama vizuri, halafu katikati ya safari akajibwaga, kiti kikalia. "Kuinuka najikongoja, mjukuu wangu," akasema, "ila kukaa ndiko kunanishinda."

Unapokaa, uzito wa mwili ndio unaokuteremsha. Msuli wa mbele ya paja unabaki umekaza huku ukirefuka, unalegeza polepole kama baharia na henza. Ukidhoofika, breki hakuna. Msuli huohuo ndio unaokushika unaposhuka ngazi, na unapojishusha kwenye mbuzi kukuna nazi. Mtu aliyezoea kupanda tu akiteremka mlima mrefu, mapaja humuuma siku ya pili yake: kukaza huku ukirefuka kunaziumiza nyuzi kuliko kuinua.

Breki hiyo haifanyi kazi kwa kubahatisha. Ndani ya kila msuli mna vipokezi vidogo vinavyopima urefu wake na kupeleka habari juu. Fumba macho, gusa ncha ya pua. Umeipata bila kuiona. Sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, serebelamu, inalinganisha ulichokusudia na kinachotendeka, kisha inasahihisha.

Yule bibi tulimpa zoezi moja: kiti imara kilichoegemezwa ukutani, mtu wa nyumbani karibu, akae akihesabu hadi 4, kisha ainuke. Alianza na mara tano, asubuhi na jioni. Wengi huogopa kwamba goti "litasagika" likitumiwa. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, kwa mtu mzima haina mishipa ya damu. Inapata chakula kutoka kwenye ute wa kiungo, unaoingia na kutoka kila inapobanwa na kuachiwa. Kulilaza goti wiki nzima kwa kuliogopa ni kulinyima chakula.

Kuna nyakati zoezi lisubiri. Kiungo kilichovimba ghafla, chenye joto na wekundu, hasa pamoja na homa, kinahitaji daktari siku hiyohiyo. Bega lililoteguka lisivutwe na jirani, hata awe hodari namna gani; lifungwe kwa kanga jinsi lilivyo, mgonjwa aletwe hospitali. Na mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea ghafla, tatizo huenda si la msuli. Linaweza kuwa kiharusi, na hapo kila dakika ina thamani: tafuta usafiri mara moja.