Chanjo asilimia 112: hao watoto wa ziada wametoka wapi?

Kwenye kikao kimoja cha wilaya hapa Uganda, diwani alisimama akaomba makofi: tumechanja asilimia 112 ya watoto! Makofi yakapigwa. Mimi nilibaki na kikombe changu cha chai, nikitafuta mahali pa kuangalia. Nimefundisha watunza kumbukumbu za afya miaka mingi, na sijawahi kupita msimu wa ripoti bila kuyasikia hayo makofi.

Dhana: wilaya ikivuka asilimia 100 imefanya vizuri kupita kiasi

Mia moja ndiyo watoto wote. Ukipita hapo, hesabu imeharibika mahali.

Asilimia ni namba ya juu ikigawanywa kwa ya chini. Namba ya juu ni watoto waliopata dozi ya tatu ya DPT, chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Inatoka kwenye rejista ya kituo, inajumlishwa kila mwezi kwenye HMIS 105, fomu ya ripoti ya kituo, kisha inaingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Namba ya chini, ile tunayogawia, hakuna aliyekwenda kuihesabu. Huchukuliwa makadirio ya watu wa wilaya yaliyotokana na sensa, yakazidishwa kwa asilimia 4.3, na hao ndio wanaitwa watoto wa chini ya mwaka mmoja. Wilaya ya watu 200,000 inapewa watoto 8,600, wapende wasipende. Ikichanja 9,632, kompyuta inatoa 112 bila haya.

Hao 200,000 walihesabiwa lini? Sensa ya 2014 ilikuta watu milioni 34.6 nchini, ya 2024 ikakuta milioni 45.9. Miaka kumi katikati tulikuwa tunakisia. Na huku tunakisia, tunagawa maeneo: Arua ilipofanywa jiji mwaka 2020 mipaka ilihama kwenye karatasi, lakini mama mwenye mtoto mgongoni haulizi mpaka, anaendelea na kliniki aliyoizoea. Yumbe ina Bidibidi, makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini zaidi ya laki mbili, yaliyofunguliwa 2016. Sensa ya 2014 ingewajuaje? Na pale Busia, mpakani, mama wa upande wa Kenya akiona foleni ya huku ni fupi, atavuka. Muuguzi atamchanja mtoto, na ni haki yake kuchanjwa, ila kwenye makadirio yetu hayumo.

Sasa tuseme watoto wa kweli katika wilaya ile ya mfano ni 11,000. Wale 9,632 wanakuwa asilimia 88. Watoto 1,368 hawajakamilisha chanjo, na hakuna atakayetumwa kuwatafuta, kwa sababu ripoti inasema tumemaliza na akiba tunayo.

Ushauri wangu nimeurudia hadi wanafunzi wananitania nao: achaneni kwanza na namba ya chini. Linganisheni dozi ya kwanza na ya tatu, maana zote mnazo kituoni. Wanaopotea njiani wakizidi mmoja kwa kumi, kuna tatizo. Dozi za tatu zikizidi za kwanza mwaka mzima, kuna mtu anajaza kwa kukisia. Utafiti wa kitaifa wa kaya na afya, UDHS, wa 2016, uliopita nyumba kwa nyumba ukitazama kadi na kuwauliza akina mama, ulikuta asilimia 95 ya watoto wamepata dozi ya kwanza na 79 ya tatu. Tatizo lilikuwa kuwarudisha akina mama, si kuwaleta mara ya kwanza. Asilimia 112 isingekwambia hilo hata ukiiangalia hadi jioni.

Halafu fungueni rejista yenyewe. Nimewahi kukuta kituo cha daraja la tatu ambako mwezi mzima kurasa zina kalamu za kila rangi, madoa ya chai, majina yaliyokatwa. Siku ya mwisho wa mwezi: wino mmoja, mwandiko mmoja, watoto arobaini, karibu wote wamezaliwa tarehe mosi. Hiyo DHIS2 haikuonyeshi.

Mengine, kwa haraka

*Malaria imepanda, basi wahudumu wamelala.* Huenda wameamka. Timu za afya za vijiji zikipewa vipimo vya haraka, wagonjwa waliokuwa wakijitibu kimyakimya wanaingia kwenye hesabu. Uliza kwanza wangapi wamepimwa, na kati yao wangapi wamekutwa nayo.

*Hospitali yenye vifo vingi ndiyo mbaya.* Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya Kampala, inapokea mama ambaye uchungu umemkwamia usiku kucha kwingine. Kituo kilichompa rufaa hakiandiki kifo. Usishindanishe hivyo viwili.

*Ada zilifutwa, kwa hiyo hakuna anayelipa.* Zilifutwa kweli kwenye vituo vya serikali, Machi 2001, na wagonjwa wakaongezeka. Lakini dawa ikiisha kituoni, mgonjwa anapewa kikaratasi aende duka la dawa. Rejista inaandika “ametibiwa”. Mbuzi aliyeuzwa ili ile dawa inunuliwe haonekani kwenye fomu yoyote; ni tafiti za kaya peke yake zinazomfikia.

*WHO ilituweka nafasi ya 149 duniani.* Ndiyo, Shirika la Afya Duniani lilipopanga mifumo ya afya ya nchi 191, mwaka 2000. Sehemu kubwa ya alama zile ilikadiriwa kwa hesabu pale takwimu zilipokosekana. Jinsi mifumo inavyowahudumia watu kwa heshima, kwa mfano, iliulizwa kwa wajuzi wa nchi 35 tu. Ubishi ulikuwa mkubwa hata WHO haijarudia tena kupanga nchi namna ile. Aliyezaliwa mwaka ule sasa ana watoto wa kuchanjwa, na bado naletewa hiyo 149 kwenye vikao.