Dansi, filamu na kompyuta: muda ndio unaotuliza akili

Kazi zinazounganisha dansi, filamu na kompyuta ili akili ya mtu itulie pale mwili wake ulipo huharibika zaidi kwa sababu ya muda kuliko kwa sababu ya vifaa duni. Picha moja, yaani kipande cha video kisichokatwa, inakaa sekunde ngapi kwenye skrini? Mashine inachukua muda gani kumjibu anayecheza? Hayo yakikosewa, hata projekta ya bei mbaya haitasaidia.

Tuanze na filamu. Mhariri aliyezoea video za muziki hukata picha kila baada ya sekunde mbili, na macho ya mtazamaji hubaki kukimbizana naye. Hapa acha picha moja idumu kati ya sekunde 40 na dakika 2. Mwanzoni mtazamaji husubiri kitu kitokee. Akichoka kusubiri ndipo anapoanza kuona kisigino kinavyoinuka na bega linavyoshuka pumzi inapotoka. Si kwamba kukata ni kosa. Katika filamu yake fupi ya mwaka 1945, Maya Deren wa Marekani alimwonyesha mchezaji Talley Beatty akiinua mguu msituni na kuushusha ndani ya nyumba. Mahali pamebadilika, tendo halikukatika. Ukilazimika kukata, kata katikati ya tendo, si baada ya mchezaji kusimama.

Mwendo wa polepole unasaidia, ila una gharama yake. Filamu ikionyeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde (fremu ni kila picha tuli inayounda video), rekodi kwa fremu 50 ili mwendo upungue nusu, au 100 ili ubaki robo. Kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, huwekwa karibu mara mbili ya idadi ya fremu: fremu 25 kwa 1/50, fremu 100 kwa 1/200. Maana yake kwenye fremu 100 unapata robo tu ya mwanga, kwa hiyo chumba kilichotosha mchana kitatoa picha yenye chengachenga jioni. Kuna pia taa. Katika umeme wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona, na picha hutokea na mistari au giza linalokuja na kuondoka. Rekodi sekunde 10 za majaribio, uzitazame kwenye skrini kubwa kabla mchezaji hajaanza kupasha mwili joto.

Kamera iwe kwenye stendi, urefu wa kitovu, na nyayo zionekane. Nyayo zikikatwa, mtazamaji hajui uzito wa mwili umekaa wapi, na uzito ndio anaoufuata kwa mwili wake mwenyewe. Lenzi pana sana ya simu iepukwe kwa kuwa hurefusha mikono iliyo pembeni. Maikrofoni iwekwe karibu na sakafu. Muziki uongezwe baadaye kama ni lazima, na mara nyingi si lazima.

Sehemu ngumu ni chumba ambacho watazamaji nao wanacheza: kihisi kinasoma miili yao, kompyuta inachora, projekta inatupa mchoro ukutani. Kamera ya fremu 30 kwa sekunde inatoa fremu moja kila milisekunde 33, kisha programu inaongeza muda wake, na projekta nayo inaongeza wake. Jumla ikipita milisekunde 100 hivi, mtu anahisi kuna kitu hakiendi sawa. Anaacha kucheza, anaanza kuijaribu mashine: anapunga mkono, anasubiri, anapunga tena. Hali hiyo inafanana na kuongea kwenye simu huku ukisikia mwangwi wa sauti yako, ulimi unakwama. Tumia kebo badala ya kurusha picha bila waya, washa hali ya michezo (game mode) kwenye projekta kama ipo, na zima marekebisho yote ya picha.

Muda wa kusubiri jibu bado ni mrefu? Basi urefushe kwa makusudi. Mchoro ukimjibu mtu baada ya sekunde 5, hauonekani tena kuwa hitilafu. Anacheza, anatulia, anatazama alichokifanya. Kwa maoni yetu njia hii hutuliza watu kuliko ile ya jibu la papo hapo, tena haihitaji kompyuta kubwa.

Usionyeshe sura. Mtu akijiona kama kwenye kioo huanza kurekebisha nguo na kujihukumu. Kivuli au nukta za viungo zinatosha. Kihisi cha miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni, kisielekezwe dirishani, maana jua hukipofusha, na nguo pana huficha magoti hadi mchoro unarukaruka. Kamera ya kawaida isitazame ukuta wa projekta, la sivyo itasoma mchoro wake yenyewe.

Kikao cha nusu saa kinafaa kwa watu 8 hadi 10. Dakika 5 za mwanzo skrini ikiwa imezimwa: kusimama na kuupitia mwili kwa akili kuanzia nyayo. Asiyependa kufumba macho aangalie sakafu, asilazimishwe. Filamu dakika 8, chumba cha michoro 12, kisha skrini izimwe tena na watu wacheze dakika 5 bila kitu chochote. Wengi wakichelewa hukata sehemu hii ya mwisho. Kata filamu kwanza. Baadaye usiwaulize kama wamependa. Waulize uzito ulikuwa mguu gani. Jibu la haraka ni dalili nzuri.

Mwanga usiwake na kuzimika zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwa ajili ya wenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Miwani ya uhalisia pepe (VR) huleta kichefuchefu kwa baadhi ya watu, hivyo ivaliwe kwa kukaa, na kwa dakika chache. Kama kompyuta inahifadhi video za washiriki, waambiwe kabla ya kuingia. Kama hakuna haja ya kuzihifadhi, zima kurekodi.