Dini haiachwi getini

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu: "Ukishasaini mkataba wa kazi, dini yako inabaki getini, bosi anaweza kukukatalia sala au vazi bila kutoa sababu." Si kweli.

Mkataba wa kimataifa namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1958, unaohusu ubaguzi katika ajira, unaitaja dini waziwazi miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Nchi nyingi zimeuridhia.

Mkanganyiko unatoka wapi? Mkataba huohuo unakubali masharti yanayotokana na asili ya kazi yenyewe. Chukua mfanyakazi anayesimama kando ya mashine yenye mkanda unaozunguka. Mtandio unaoning'inia unaweza kunaswa, kwa hiyo msimamizi ana sababu ya kuukataza pale. Lakini mtandio mfupi, unaobana kichwa na kuchomekwa ndani ya ovaroli, huenda ukaiondoa hatari hiyo. Wengi husikia ule mwanzo tu, "alikatazwa", wakadhani ndiyo sheria. Hapo ndipo watu wanapoumia, kwa maoni yangu: wananyamaza, hata kuomba kubadilishana zamu na mwenzao ili wapate kusali hawathubutu.

Kuhakiki si kazi ngumu. Soma kifungu cha ubaguzi katika sheria ya kazi ya nchi yako, kisha kanuni za kazini kwako. Ukikwama, muulize ofisa wa kazi au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Na ukiwa na ombi la sala au vazi kazini, liandike, utaje siku na saa, ubaki na nakala.