Vidoa vya kahawia chini ya jani la kangaga si ugonjwa

Swali hili hutufikia mara nyingi: kangaga limeota vidoa vya kahawia upande wa chini wa majani, lipigwe dawa gani? Jibu letu huwa fupi: lisipigwe dawa yoyote. Geuza jani uangalie vizuri. Kama vidoa vinalingana ukubwa na vimejipanga kwa mistari kandokando ya mishipa ya jani, hivyo ndivyo viungo vya uzazi vya mmea. Wadudu gamba, wafyonzaji wa utomvu wanaofanana na vidoa hivi, hutawanyika ovyo na hung'ang'ania hata mabua. Hawajui kupanga foleni.

Kangaga halitoi maua wala mbegu. Kila kidoa ni kundi la vifuko vidogo, na katika makangaga mengi kila kifuko hubeba spora 64. Mbegu ni mmea mchanga uliokwisha kuumbika, ukafungiwa akiba ya chakula ndani ya ganda. Spora ni seli moja tu, nyepesi kuliko vumbi, isiyo na akiba ya maana.

Namna spora zinavyotoka inastahili kutazamwa kwa kioo cha kukuzia, chini ya joto la taa. Mgongo wa kifuko una ukanda wa seli zenye kuta nene kwa ndani na nyembamba kwa nje. Hewa ikikauka, maji ya seli hizo huvukizwa, kuta nyembamba huvutwa ndani, na ukanda hujikunja kwenda nyuma polepole mpaka kifuko kinapasuka. Maji yaliyobaki huendelea kuvutwa hadi yanashindwa kushikamana. Hapo mapovu hutokea ghafla ndani ya seli na ukanda wote hufyatuka kama manati, ukirusha spora kwa kasi inayoweza kufikia mita 10 kwa sekunde. Mtazamaji huona vifuko vikirukaruka kimoja baada ya kingine. Kazi yote hiyo hufanywa na maji yanayokauka, bila msuli wala neva.

Baada ya hapo huja sehemu ambayo watu wengi hawajawahi kuiona, ingawa huenda wameikanyaga. Spora ikitua penye unyevu huota, lakini haioti kangaga. Huota kijimea bapa cha kijani, mara nyingi chenye umbo la moyo, kisichofika sentimita moja, na sehemu yake kubwa ina unene wa seli moja tu. Hakina mizizi ya kweli, shina wala mishipa. Hujishikiza chini kwa vinyweleo na kujitengenezea chakula chenyewe. Seli zake zina seti moja ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, wakati kangaga lenyewe lina mbili. Kwa hiyo mmea tunaoujua ni nusu tu ya maisha haya. Nusu ya pili huishi peke yake, chini kabisa, miguuni petu.

Ni chini ya kijimea hicho ndipo mayai na mbegu za kiume (seli za uzazi, si mbegu za kupanda) hutengenezwa. Mbegu za kiume zina mikia mingi na lazima ziogelee. Bila utando wa maji kati ya upande mmoja na mwingine, yai halirutubishwi. Mwaka 1884 Mjerumani Wilhelm Pfeffer alionyesha kwamba mbegu hizo huvutwa na asidi ya maliki, ile ile inayolipa tufaha ukali wake. Yai likirutubishwa, kangaga changa huchomoza papo hapo juu ya mzazi wake, ambaye baadaye hufa.

Kwangu mimi, ustadi mkubwa zaidi umo katika jinsi vijimea hivi vinavyogawana jinsia. Katika makangaga kadhaa, kile kilichotangulia kukua hutengeneza mayai, kisha hutoa homoni inayosambaa kwenye udongo na kuwafanya majirani wadogo wawe wa kiume. Uwezekano wa kujirutubisha chenyewe hupungua, na mayai hupata mbegu za kiume za jirani. Siasa nzima ya ujirani, kwenye eneo lisilozidi kiganja.

Hitaji hilo la maji ndilo linaloeleza kwa nini makangaga hustawi kwenye misitu yenye ukungu na kingo za vijito. Wepesi wa spora nao unaeleza kwa nini huwahi kufika mahali papya. Kisiwa cha Krakatau, Indonesia, kilifunikwa na majivu ya volkano mwaka 1883. Mtaalamu wa mimea Melchior Treub alipokitembelea mwaka 1886, alikuta tayari aina 11 za makangaga.

Watu huchanganya makangaga na likopodi, mimea mingine yenye mishipa isiyozaa mbegu. Koo hizi mbili ziliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na kinasaba kangaga liko karibu zaidi na mimea yenye mbegu kuliko na likopodi. Likopodi za leo ni ndogo, lakini jamaa zao wa kale, Lepidodendron, walifika mita 30 na zaidi. Mabaki yao ni sehemu kubwa ya makaa ya mawe yanayochimbwa Ulaya na Marekani.

Wenye mifugo wachukue tahadhari na Pteridium aquilinum, kangaga linalotapakaa kwenye malisho yaliyochomwa moto. Lina sumu iitwayo takwilosaidi, inayosababisha saratani ya kibofu kwa ng'ombe wanaolila kwa muda mrefu. Machipukizi yake yasiliwe na watu pia.

Anayetaka kuotesha spora aweke jani lenye vidoa vilivyokomaa juu ya karatasi nyeupe, mahali pasipo upepo, kwa siku moja au mbili. Vumbi laini litakalodondoka lipepetwe juu ya udongo uliomwagiwa maji yanayochemka ukaachwa upoe, kisha chombo kifunikwe kwa kioo na kuwekwa penye mwanga usio wa jua kali. Baada ya wiki kadhaa udongo hugeuka kijani. Wengi hukwama hapo: vijimea vya umbo la moyo hujaa chombo, miezi inapita, na hakuna kangaga hata moja. Mara nyingi udongo una unyevu wa kutosha, ila juu yake hakuna utando wa maji wa kuogelea. Nyunyizia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka vijimea vilowe kabisa, rudia kila baada ya siku chache, na usihamishe miche kabla haijafikisha majani matatu au manne.