Acheni kuskani kila karatasi kwa DPI 1200

Ofisi za uwakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda, huniita kwa malalamiko yaleyale: skana imekuwa nzito, kompyuta inakwama, faili linakataa kupanda kwenye mfumo. Nikifungua mipangilio nakuta DPI 1200, rangi kamili, na kuna ofisi zilizoweka hata 2400. Nikiuliza kwa nini, jibu ni lilelile: "Fundi, si ndiyo ya juu? Tunataka karatasi ionekane vizuri." Wengine wameongeza hata RAM, wengine wanatafuta skana mpya, na hakuna chochote kilichoharibika. Kwa hiyo leo nataka niimalize hii dhana kwamba DPI ikipanda, ubora nao umepanda.

DPI ni idadi ya nukta ambazo skana inasoma katika kila inchi. Karatasi ya A4 ina inchi 8.27 kwa 11.69. Kwa DPI 300 unapata nukta 2,480 kwa 3,508, yaani kama milioni 8.7. Kila nukta ya rangi inachukua baiti tatu, kwa hiyo ukurasa mmoja kabla haujabanwa una uzito wa MB 26 hivi. Sasa panda hadi 600. Watu wanadhani uzito utakuwa mara mbili. Hapana, ni mara nne, kwa sababu nukta zinaongezeka kwa upana na kwa urefu pia. Ukifika 1200 ni mara kumi na sita: nukta milioni 139, MB 417 kwa ukurasa mmoja. Mzigo wenye ankara, orodha ya bidhaa, hati ya usafirishaji na cheti cha asili (kinachoonyesha bidhaa zimetoka nchi gani) unaweza kufika kurasa kumi bila shida, na hapo umeibebesha laptopu ya ofisi zaidi ya GB 4 za picha ghafi. Halafu mnauliza kwa nini inakwama.

Na faida yake? Kwa DPI 300 nukta moja ina upana wa milimita 0.085 hivi. Mguu wa herufi "l" ya saizi 12 una unene wa karibu theluthi moja ya milimita, kwa hiyo unapata nukta nne za upana. Zinatosha kabisa kwa jicho, kwa printa, na kwa programu ya kutambua maandishi. Ninapokuwa na muda humkalisha karani mbele ya kompyuta, nikaskani ankara ileile mara mbili, 300 na 1200, kisha nikavuta zote mbili karibu kwenye namba ya kontena. Namba inasomeka sawasawa kotekote. Kilichoongezeka kwenye ile ya 1200 ni nyuzi za karatasi, wino uliosambaa pembeni mwa herufi, na chembe za vumbi. Hakuna afisa wa forodha anayehitaji kuona nyuzi za karatasi.

Kinachoniumiza zaidi ni kinachofuata. Faili likishakuwa kubwa mno, haliingii kwenye barua pepe (Gmail inaishia MB 25) wala kwenye mifumo ya serikali, ambayo mingi ina kikomo cha chini zaidi ya hapo. Karani anatafuta mtandaoni tovuti ya kubana PDF bure, anapandisha humo ankara za mteja, nakala ya pasipoti, namba ya mlipakodi (TIN) na taarifa ya benki. Tovuti ni ya nani? Inahifadhi nini? Hajui. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019, na nyaraka hizo si mali ya karani, ni za mteja aliyewaamini. Isitoshe, tovuti ile inabana kwa nguvu hadi faili linalorudi limefifia kuliko lile ambalo lingeskaniwa kwa 300 tangu mwanzo. Umepoteza bando, umepoteza dakika kumi, umetoa siri za watu, na mwisho karatasi haisomeki.

Basi wekeni hivi. Barua, mikataba, fomu, ankara: DPI 300, rangi ya kijivu, ambayo kwenye programu nyingi imeandikwa Grayscale. Kijivu peke yake kinapunguza uzito hadi theluthi moja ya rangi kamili. Karatasi yenye mhuri wa rangi, sahihi ya wino wa bluu au nembo inayotakiwa kuonekana: DPI 300 na rangi. Maandishi madogo sana, kama yale masharti ya nyuma ya hati za usafirishaji: 400. Karatasi ya kusoma tu kwenye skrini na kufuta kesho: 200 inatosha. Hifadhi kama PDF yenye kurasa zote pamoja, siyo picha kumi tofauti. NAPS2 ni programu ya bure ya kuskani, inaunganisha kurasa na kukuruhusu kupanga upya ulizozikosea, na ndiyo ninayoiweka kwenye kila kompyuta ya Windows ninayoitengeneza.

Lakini ogopeni chaguo la nyeusi na nyeupe tupu. Wengi wakishanisikia nikilalamika kuhusu uzito hukimbilia hapo, maana faili linakuwa dogo sana. Pale kila nukta inaamuliwa kuwa nyeusi au nyeupe, hakuna katikati. Mhuri uliofifia unapotea wote. Penseli inapotea. Nakala ya kaboni ya risiti inageuka madoa. Nimeona cheti cha asili kilichorahisishwa, kile cha wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000, kimeskaniwa namna hiyo na mhuri hauonekani kabisa. Mama wa watu akaambiwa hajagongewa mhuri, na mhuri uko mkononi mwake. Kijivu, tafadhali. Kijivu.

Ziko kazi zinazohitaji DPI kubwa kweli. Familia ikileta picha ya pasipoti ya mzee aliyefariki, ile ndogo ya milimita 35 kwa 45, wakitaka ikuzwe kwa ajili ya mazishi, hapo 300 haitoshi. Inakupa nukta 413 kwa 531 tu, na ukiikuza hadi A4 uso unakuwa viboksi. Ninaiskani kwa 600, na kama picha yenyewe ni kali ninajaribu 1200. Zaidi ya hapo sioni kitu, kwa sababu karatasi ya picha yenyewe haina undani zaidi wa kutoa. Picha iliyofifia haiwezi kuamshwa kwa DPI. Negativu ndizo zinazodai 2400 au zaidi, na kwa kazi hiyo unahitaji skana yenye taa kwenye kifuniko, kwa sababu mwanga lazima upite ndani ya filamu. Skana ya kawaida ya ofisini itakupa kipande cheusi.

Na ile namba kubwa kwenye boksi la duka, 9600 au 19200? Tazameni neno lililo mbele yake, kama ni optical au interpolated. Uwezo halisi ni ule wa macho ya skana yenyewe, yaani optical. Mfano Canon LiDE 300 husoma 2400 na LiDE 400 husoma 4800. Zinazozidi hapo hubuniwa na programu kwa kukisia nukta za katikati, na huko ni kuongeza maji kwenye chai ukasema umepata chai zaidi.

Dhana nyingine kuhusu skana nitazipitia haraka.

"CD ya draiva imepotea, basi skana haifai." CD ile ilikuwa imepitwa na wakati tangu siku boksi lilipofunguliwa. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na skana, ipo kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza skana; andika jina kamili la modeli lililoko kwenye kibandiko cha chini, chagua Windows yako, pakua. Pakueni kwa mtengenezaji, siyo kwenye zile tovuti zinazojaa matangazo ya "draiva bure". Na kwa skana za zamani fuateni mpangilio: draiva kwanza, waya baadaye. Ukichomeka waya kabla, Windows inaweza kuishikilia skana kama kifaa kisichojulikana, na utahitaji kukiondoa ndipo uanze upya.

"Windows 11 imeua skana yangu." Skana haijafa. Windows 11 ni ya biti 64 peke yake, na draiva nyingi za zamani ziliandikwa kwa biti 32. Kabla hujauza kifaa kizima kwa bei ya chuma chakavu, kijaribu kwa VueScan, ambayo ina draiva zake yenyewe kwa maelfu ya modeli. Ni ya kulipia, lakini toleo la majaribio litakuonyesha kama skana inasoma. Mimi huwasha kompyuta kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi. Mara nyingi skana iliyokataliwa huamka palepale.

"Inanguruma na kugonga, injini imekatika." Igeuzeni. Skana nyingi za zamani, zikiwemo LiDE 110, zina kufuli ndogo kwa chini inayoshikilia kichwa wakati wa safari. Kama imefungwa, injini inasukuma na kichwa hakiendi. Sukuma kufuli upande wenye alama ya kufunguliwa, kisha washa tena. Na ikisafirishwa tena kwa bodaboda, ifungeni kabla.

"Inajizima katikati ya ukurasa, basi ina ugonjwa." Skana nyembamba hula umeme wa USB peke yake, na tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500. Ukiichomeka kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, pamoja na kipanya, modemu na simu inayochajiwa, haishibi. Ichomekeni moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa kompyuta ya mezani tumieni matundu ya nyuma, na waya usizidi mita tano.

"Niskanie hii kwenye Word nibadilishe maneno." Skana inapiga picha. PDF iliyotoka hapo ni picha iliyovaa jina la PDF. Ili maneno yawe maneno, lazima programu ya kutambua maandishi ipite juu yake. Tesseract, iliyomo ndani ya NAPS2, ina Kiswahili pia, na inafanya vizuri karatasi ikiwa imenyooka, imechapwa, na imeskaniwa kwa 300. Mwandiko wa mkono sahau. Na anayetaka kubadilisha tarehe ya cheti cha UNEB, baraza la mitihani la Uganda, asinijie mimi.

"Mwanga ule una miale, mama mjamzito asikae karibu." Ni taa za LED, nyekundu, kijani na bluu, au kwenye mashine za zamani taa nyembamba ya mirija. Hakuna eksirei mle ndani. Funika kifuniko kwa sababu mwanga wa dirishani unaharibu picha na ule wa taa unasumbua macho, siyo kwa sababu ya mtoto tumboni.

"Simu inatosha, skana ya nini?" Kwa risiti ya mafuta, simu inatosha, sikatai. Kwa hati ya ardhi yenye ramani, au mchoro wenye vipimo, haitoshi. Lenzi ya simu inapinda pembeni na mkono hausimami sawa, lakini skana inakupa karatasi kwa saizi yake halisi, na rula ikiwekwa juu ya nakala iliyochapwa kwa asilimia 100 inakubaliana.

Mwisho ni mistari. Mteja anaona mstari mwembamba umeshuka kutoka juu hadi chini kwenye kila ukurasa, anasema kioo kimechanika au jicho limeharibika. Doa kwenye kioo hutoa doa, mahali pamoja. Mstari mrefu kwenye skana ya kioo mara nyingi hutoka kwenye ule utepe mweupe uliofichwa chini ya fremu, mwanzoni mwa kioo, ambao skana huuangalia kila inapoanza ili ijue nyeupe ni ipi. Chembe moja ya vumbi jekundu ikiukalia, nukta ile inapotoshwa ukurasa mzima. Vumbi la hapa mpakani wakati wa kiangazi linaingia kila mahali, na malori hayasaidii.

Usinyunyizie dawa ya vioo juu ya kioo. Inapenya pembeni na kuacha ukungu kwa ndani ambao hautatoka bila kufungua. Lowesha kidogo kitambaa laini, kamua, pangusa, kausha. Utepe ule, kama mashine haijafunguliwa kamwe, mwachie fundi. Na kama karatasi ni nyembamba hadi maandishi ya nyuma yanatokeza mbele, kama zilivyo ankara nyingi zinazokuja kutoka Mombasa, weka karatasi nyeusi nyuma yake kabla ya kufunika. Kifuniko cheupe ndicho kinachorudisha mwanga kupitia yale maandishi ya nyuma, cheusi kinaumeza. Mimi huacha karatasi moja nyeusi ya A4 chini ya kila skana ninayoifunga, na naomba isitupwe.