Je, wajua kwa nini ndani ya kifaru hupakwa rangi nyeupe?

Atakayenunua modeli ya kifaru cha vita yenye sehemu zote za ndani, akaifungua mezani kwake Sinza au Mbagala na kusoma karatasi ya maelekezo, atakutana na jambo linalofanana na kosa la uchapaji. Kwa nje anaambiwa apake kijani cha jeshi au rangi ya mchanga, lakini kuta za ndani, pale wanapokaa askari, anaambiwa apake nyeupe, au nyeupe iliyoelekea rangi ya pembe za ndovu. Wakazi wengi wa Dar es Salaam vifaru wanaviona kwenye gwaride au katika picha za magazeti tu, na upande huo unaoonekana ndio uliofanyiwa kila hila ili usionekane. Kwamba nyuma ya bamba la chuma lenye rangi ya majani makavu kuna chumba cheupe kama zahanati ni habari ngeni, lakini ni ya kweli: katika Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani walifanya hivyo katika vifaru vyao vya Sherman, Wasovieti katika T-34, Wajerumani katika Tiger na Panther.

Modeli zenyewe kwa kawaida hutengenezwa kwa kipimo cha 1/35, yaani kila sentimita 35 za kifaru halisi huwa sentimita moja. Kipimo hicho kisicho cha kawaida hakikutoka kwa mhandisi wa vipimo. Kampuni ya Tamiya ya Japani, ilipotoa modeli yake ya Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilihitaji kiwiliwili chenye nafasi ya mota na betri, na ukubwa uliopatikana ukawa karibu na 1/35. Wengine wakafuata, ukawa desturi ya dunia. Nafasi iliyokuwa ya betri siku hizi hujazwa viti, redio, gia na makombora, na kampuni kama MiniArt ya Ukraine imejulikana sana kwa modeli za aina hiyo, zikiwemo za vifaru vya Kisovieti vya T-54 na T-55. T-54 ndiyo asili ya Type 59 ya China, ambayo Jeshi la Wananchi wa Tanzania nalo limeitumia.

Ukiuliza sababu ya weupe huo, jibu linalokuja haraka zaidi, hasa katika jiji la joto kama letu, ni kwamba nyeupe hupoza. Hoja hiyo ina msingi, na ndiyo maana hudumu. Bati lililopakwa nyeupe juu hupata moto kidogo kuliko bati jekundu, kwa sababu nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua kabla haujageuka kuwa joto. Lakini angalia rangi hiyo iko upande gani. Jua hupiga kifaru kwa nje, na nje kuna kijani. Joto likishaingia katika chuma husafiri ndani ya chuma chenyewe hadi upande wa pili, na rangi ya ndani haiwezi kulirudisha kwa njia lilikotoka. Injini, sanduku la gia na miili ya askari nayo huongeza joto ambalo halikuja kwa njia ya mwanga wa jua hata kidogo.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Ukuta wenye moto hutoa mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, na katika mionzi hiyo rangi za kawaida hazitofautiani kama tunavyoziona. Rangi nyeupe ya kawaida na rangi nyeusi ya kawaida hutoa takribani kiasi kilekile, karibu sehemu tisa kwa kumi za kile ambacho kitu cheusi kabisa cha kinadharia, kinachomeza mionzi yote, kingetoa. Kwa upande wa joto, basi, askari aliyekaa karibu na ukuta mweupe wenye moto hana nafuu kubwa kuliko mwenzake aliyekaa karibu na ukuta wa kijani. Rangi ambayo kweli ingeleta tofauti ni ile ya fedha, yenye unga wa alumini, kwa sababu hutoa mionzi michache zaidi. Na Waingereza waliwahi kuitumia ndani ya vifaru vyao kabla ya kuhamia nyeupe. Hata wao, hata hivyo, shida waliyokuwa wakiitatua haikuwa joto.

Jibu la pili ni usafi, na hili lina ukweli wa pembeni. Juu ya nyeupe, tone la mafuta linalovuja huonekana upesi, na skrubu iliyoanguka hupatikana. Lakini usafi ungekuwa ndiyo sababu kuu, tungetarajia sakafu, mahali panapochafuka kuliko pote, iwe nyeupe kwanza. Katika vifaru vya Kijerumani mambo yalikuwa kinyume: sehemu ya chini ya kiwiliwili iliachwa mara nyingi na praima yake, yaani rangi ya kwanza inayopakwa juu ya chuma, yenye rangi ya matofali, na weupe wa pembe za ndovu ukaanzia juu yake. Chumba kinachopakwa rangi safi kuanzia usawa wa viti kwenda juu hakikupangwa na mtu wa usafi.

Kilipangwa na mtu wa mwanga. Kifaru kilichofungwa ni sanduku la chuma lisilo na dirisha. Mwanga huingia kwa vioo vya periskopu, ambavyo ni vyembamba kwa makusudi, na kwa taa chache ndogo zinazotegemea betri. Humo ndani mpakiaji lazima achague kombora la aina sahihi na kulisukuma katika mzinga, mpigaji asome mizani ya darubini yake, dereva aangalie saa za injini. Katika Tiger I walikuwa watu watano na makombora 92 ya milimita 88, kila mmoja akimkinga mwenzake na mwanga kwa mgongo wake.

Jinsi rangi inavyosaidia hapa inahitaji hesabu kidogo, na mfano wa makato ya wakala unaifaa. Tuseme shilingi 1,000 zinapita kwa mawakala mfululizo, na kila mmoja anakata asilimia 20 kabla ya kumpa anayefuata. Kinachobaki mwishoni hakituhusu, kwani mwishoni hakibaki kitu. Tunajumlisha fedha zote zilizoingia mikononi mwa kila wakala: 1,000, kisha 800, kisha 640, kisha 512, na kuendelea. Jumla hiyo hukaribia 5,000. Sasa badili mawakala, uweke wanaokata asilimia 90. Wa kwanza anapokea 1,000, wa pili 100, wa tatu 10, na biashara imekwisha. Jumla ni 1,111. Mtaji ni uleule, lakini shughuli iliyofanyika katika mtaa wa kwanza ni zaidi ya mara nne ya ile ya mtaa wa pili.

Mwanga katika kifaru hufanya biashara hiyohiyo. Kila unapogonga ukuta, ukuta hukata sehemu yake na kuurusha uliobaki kwenye ukuta mwingine, na kila mgongano huangaza mahali fulani. Rangi nyeupe iliyo safi hurudisha takribani asilimia 80 ya mwanga, ilhali kijani cha jeshi kilichokolea hurudisha asilimia 10 au pungufu. Taa ileile, yenye betri ileile, hukifanya chumba cheupe kiwe na mwanga mara nne hivi ya chumba cha kijani. Pia mwanga uliorudishwa mara nyingi hufika kutoka pande zote, kwa hiyo kivuli cha mgongo wa mpakiaji hakiwi giza totoro, na nyuma ya mzinga, ambako taa haifiki moja kwa moja, mkono huonekana.

Hesabu hiyo ni ya sanduku tupu, na kifaru si sanduku tupu. Sare za askari, mipira, ngozi za viti na chuma kitupu cha mzinga ni mawakala wenye makato makubwa, na kila tundu la wazi ni wakala anayeondoka na fedha yote. Wastani wa kuta na vyombo ukishuka kutoka asilimia 80 hadi 60, jumla hushuka kutoka 5,000 hadi 2,500. Nusu ya faida imepotea, ijapokuwa iliyobaki bado ni zaidi ya mara mbili ya ile ya chumba cha kijani.

Mambo yanayoonekana kuvunja kanuni ndiyo yanayoithibitisha vizuri zaidi. Upande wa ndani wa vifuniko vya juu, vile ambavyo kamanda huvifungua na kutokeza kichwa, katika vifaru vingi ulipakwa rangi ya nje, kwani kifuniko cheupe kilichosimama wazi kingeonekana na adui kutoka mbali. Magari ya deraya yasiyo na paa, kama M10 ya Marekani yenye mnara wa mzinga ulio wazi juu, yalipakwa kijani hata ndani: mwanga wa mbingu unatosha, na weupe ungekuwa alama kwa ndege. Fuata paa, utaijua rangi. Kuhusu vifaru vya Kijerumani vya miezi ya mwisho ya vita, watu wa fani hii hubishana kama ndani viliachwa na praima tupu ili kuokoa rangi na muda, na ushahidi ni mwembamba, kwa sababu picha za wakati ule ni nyeusi na nyeupe na vifaru vingi vilivyobaki katika makumbusho vimepakwa upya.

Sasa turudi mezani. Hesabu ya makato haina sentimita ndani yake. Kinachotajwa ni asilimia ya mwanga unaorudi na uwiano kati ya matundu na kuta, na uwiano huo haubadiliki kifaru kikipunguzwa mara 35. Kiwiliwili cha Tiger, chenye urefu wa mita 6.3, huwa sentimita 18. Kifuniko chenye upana wa sentimita 50 huwa milimita 14. Lakini mwanga unaoingia kwa milimita 14 hizo hugawanyika ndani kwa uwiano uleule wa kifaru kizima. Modeli, kwa maana hiyo, ni jaribio halali la fizikia. Asiyeamini achukue maboksi mawili madogo ya dawa yanayolingana, alipake moja nyeupe ndani na jingine kijani kilichokolea, ayafunge, atoboe kila moja tundu la ukubwa sawa, kisha achungulie.

Jambo hili lina uzito kwa mjenzi wa modeli, kwa sababu baada ya kazi yote ya redio na makombora, kifaru hufungwa, na mtazamaji hubaki na tundu la milimita 14. Wengine hawagundishi paa ili liweze kuinuliwa. Wengine hukata ubavu. Anayetaka kifaru kizima hutegemea weupe wa ndani umfanyie kazi, na hapa ndipo mtindo unaopendwa sana unapomgeuka. Wajenzi wengi hufurika kuta kwa rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa thina ili ionekane kama mafuta na masizi. Katika picha iliyopigwa kabla ya kufunga huvutia sana. Lakini kila doa ni nyongeza ya makato, na ukuta ulioshushwa kutoka asilimia 80 hadi 60 kwa ajili ya uchafu wa kisanii umekwisha kupoteza nusu ya mwanga kabla paa halijawekwa. Kwa maoni yangu, uchafu uwekwe sakafuni na kwenye kingo zinazokanyagwa, kuta ziachwe karibu safi. Huo ndio mgawanyo ambao hata viwanda vya Kijerumani viliufuata kwa sababu zao.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hakipungui pamoja na kipimo, nacho ni rangi yenyewe. Tabaka la sehemu tano za mia za milimita, ambalo mtu angeliita jembamba, kwa 1/35 ni sawa na milimita 1.75 za rangi kwenye kifaru halisi, unene wa kutosha kufifisha vichwa vya ribiti. Nyeupe ni mbaya zaidi kwa hilo, kwa kuwa hufunika kwa shida na humshawishi mtu aongeze tabaka. Ni bora kuanza na praima ya kijivu kilichofifia, kisha nyeupe kwa mapuliziko mepesi. Wakati wa masika, hewa ya pwani ikiwa na unyevu mwingi, rangi zinazozimuliwa kwa thina kali hupata ukungu: thina hukauka haraka mno, huupoza uso wa plastiki, na maji ya hewani hutua juu yake. Ukungu huo haudhuru sana juu ya nyeupe, lakini huharibu kabisa kijani cha nje.

Rangi ya mafuta ya makopo inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo ni rahisi na hung'aa vizuri, lakini haifai kazi hii. Nyeupe ya mafuta hugeuka njano hasa inapokaa gizani, na ndani ya modeli iliyofungwa ni giza karibu saa zote. Nyeupe ya maji yenye akriliki haina tabia hiyo, na kwa ukuta usioweza kufikiwa tena baada ya gundi kukauka, ndiyo ya kuchagua. Anayejenga kifaru cha Kijerumani anaweza kujiambia kwamba unjano utamletea rangi ya pembe za ndovu bila gharama. Utamletea, ila kwa mabaka, na hautasimama pale anapotaka.