Propu chini ya dari ya boriti: yanayoaminiwa na ukweli wake

Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe, Zanzibar, sakafu ya ghorofa hubebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti zikidhoofu sakafu hubonyea, na siku hizi jibu la haraka ni propu: mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine, yenye pini ya kufungia na hesi ya kupandishia. Ni kifaa kizuri. Lakini tunayoyaamini juu yake yanaweza kuua.

La hatari kuliko yote ni hili: “Kaza hesi mpaka sakafu inyooke.” Sakafu iliyobonyea kwa miaka imehama pamoja na kuta, plasta na fremu za milango. Ukiiinua kwa mkupuo, boriti kavu hupasuka na kuta hupata nyufa mpya. Kazi ya kwanza ya propu ni kupokea mzigo: ikaze mpaka ishike, kisha uache. Ikibidi kuinua, panda milimita chache, subiri siku kadhaa, kagua nyufa, ndipo uongeze. Binafsi naona heri sakafu yenye mbonyeo kidogo iliyo salama.

Wengine husema chuma ni chuma, popote kitasimama. Propu haiondoi mzigo, inauhamishia kwenye kibamba kidogo cha chini. Ikisimama juu ya udongo itazama, hivyo itengenezee kitako cha zege au angalau ubao mnene. Juu nako pitisha mbao nene inayokingama boriti kadhaa. Isimamishe kwa timazi, na ukumbuke kwamba kadiri inavyorefushwa ndivyo uwezo wake unavyopungua. Katika nyumba ya ghorofa kadhaa, propu ya juu isipokuwa na mwenzake chini yake moja kwa moja, mzigo wote unatua katikati ya sakafu nyingine iliyochoka.

“Mwaga zege juu, usawazishe.” Mita moja ya ujazo ya zege ina takriban kilo 2,400. Tabaka la sentimita 5 katika chumba cha mita 3 kwa 5 ni kilo 1,800 ulizozitwika boriti zilizokwisha kulemewa.

Wala si kweli kwamba boriti huchoka kwa uzee tu. Mara nyingi adui ni maji: paa linalovuja, mfereji ulioziba, bafu la ghorofani. Huozesha ncha zilizofichika ndani ya ukuta, mahali jicho halifiki. Zichome kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, zimeoza. Maji yasipozuiwa, propu itabaki imeshika boriti inayoendelea kuoza.

Na wale wanaosema nyumba iliyosimama zaidi ya karne haiwezi kuanguka leo? Beit-al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Mlango ukianza kukwama ghafla, ufa ukipanuka au chokaa ikidondoka darini, watoe watu kwanza, chumba cha juu na cha chini, kisha mwite mhandisi. Propu iwekwe baada ya yeye kuona.